Kiasi ni kiasi gani? Wapishi wa nyumbani na kitabu cha Joy of Cooking

Hotuba niliyoitoa Nairobi mbele ya wapishi wa nyumbani, nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji

Asalaam aleikum. Shikamooni mama zangu. Dada zangu, hamjambo. Na kina baba wachache mlioketi kule karibu na mlango, sogeeni mbele, mmekuja kwa jambo la maana kama sisi.

Nimekuja na kitabu kimoja. Nakiinua mkione. Jalada limebanduka mgongoni, nimelifunga kwa utepe wa kitambaa, na kurasa za katikati zimenenepa kwa siagi na maji. Kinaitwa Joy of Cooking. Ni cha Kimarekani, na najua wapo wanaojiuliza kwa nini mtoto wa Mombasa asimame Nairobi kuzungumzia kitabu kilichoanzia Missouri. Nimeombwa niseme jinsi wapishi wa nyumbani wanavyoviona vitabu vya mapishi ya kila siku. Miaka 11 nimeishi Marekani, na katika miaka hiyo hakuna kitabu nilichosikia wanawake wakikisifu, wakikilalamikia, wakikigombea katika mirathi na kukitetea kama hiki. Kwa hiyo nitazungumzia hiki, na njiani tutapita jikoni kwa mama yangu.

Nianze na keki yangu iliyozama.

Keki nilifundishwa na shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Keki ya mayai sita na iliki, ya Idi. Tangu nikiwa na miaka 13 niliipika, na haikuwahi kunitupa. Tukahamia Denver, jimbo la Colorado, na Idi ya kwanza huko niliwasha oveni bila wasiwasi wowote. Keki ikaumuka, tena kwa haraka kuliko nilivyozoea. Nikaichungulia kwenye kioo, imepanda mpaka imevuka ukingo wa chombo. Halafu, ikiwa bado dakika kumi hivi iive, katikati ikaanza kushuka polepole, kama mtu mchofu anayetafuta pa kukaa. Nilipoitoa ilikuwa na shimo la kutosha kuwekea kikombe. Nikapika ya pili, ikazama. Ya tatu, ikazama. Nililaumu unga, nikalaumu mayai, nikalaumu oveni. Mwisho nikaanza kuamini kwamba mkono wangu umeharibika, na usiku ule nililia, maana Idi bila keki ya shangazi nilikuwa sijaijua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi wa Kimarekani aliyekwisha kuvuka miaka 80. Nilimpelekea vipande vya pembeni, vile ambavyo havikuzama, kwa sababu kwetu Idi haipiti bila sahani kwenda kwa jirani. Alionja, akafumba macho kwa ajili ya iliki, kisha akaniuliza natumia kitabu gani. Nikamwambia situmii kitabu, natumia shangazi. Akainuka, akaenda jikoni kwake, akarudi na hiki mnachokiona mkononi mwangu. Ni chapa ya mwaka 1975. Akakifungua pale panapoelezwa namna ya kuoka katika nyanda za juu, akaniwekea kidole.

"Keki hujaikosea," aliniambia. "Umeipika kana kwamba bado uko baharini."

Denver iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayoikandamiza keki yako hupungua. Gesi inayotoka kwenye bekingi pauda hutanuka upesi na kwa nguvu, keki hukimbia juu kabla yai na unga havijashikana kuibeba, na ikishapanda bila nguzo, huanguka. Maji nayo huchemka kabla ya nyuzi 100. Denver huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Mvuke hutoka upesi, sukari inayobaki huwa nyingi kuliko majimaji, na sukari ikizidi huizuia keki isishike. Dawa yake basi ni kupunguza bekingi pauda, kupunguza sukari kidogo, kuongeza majimaji na kuongeza moto wa oveni kidogo ili keki ishike mapema. Nilifanya hivyo. Ya nne ikasimama.

Nawaona mnatikisa vichwa. Nairobi iko juu kuliko Denver, mita 1,795 au karibu na hapo, na waliotoka Eldoret wako juu zaidi ya sisi. Haya mnayaishi kila siku. Ni wangapi humu walioanzishiwa keki na dada wa Mombasa au wa Malindi, ikawazamia hapa, wakaambiwa hawajui kupika? Nyoosheni mikono. Tazameni. Maharagwe nayo ni hivyo hivyo. Jiko la Nairobi linayachelewesha kwa sababu maji yake hayafiki moto wa maji ya Mombasa, haidhuru uyachochee namna gani.

Kilichonishika moyo siku ile ni kwamba kitabu hakikuniambia tu "punguza". Kiliniambia kwa nini, na ile kwa nini nikaweza kuibeba mpaka kwenye mapishi ambayo waandishi wake hawakuwahi kuyaota. Nikaipeleka kwenye mahamri. Nikaipeleka kwenye mkate wa mayai. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi kuliko mwandishi yeyote, lakini hakuwahi kutoka pwani, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba hewa ya Mombasa ilikuwa mojawapo ya viungo vya keki yake.

La pili lililonishika ni penseli. Yule bibi alikuwa amekiandika kitabu kila mahali. Kando ya keki moja: sukari imezidi, toa robo kikombe, na tarehe ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1978. Chini yake, kwa mwandiko uleule uliotetemeka zaidi: toa tena kidogo. Kando ya supu moja: wageni waliomba mara ya pili. Na katika ukurasa mmoja wa nyama neno moja tu, hapana, limepigiwa mistari miwili mpaka karatasi imetoboka. Alipohamia kwa bintiye alinipa kitabu hiki, na nilipomwambia kwamba ni cha watoto wake, akasema watoto wake kila mmoja ana chake, na vyote vimeandikwa.

Tukitaka kujua wapishi wa nyumbani wanakionaje kitabu, tuanzie hapo, kwenye penseli. Mtu anayekiandika kitabu anakiheshimu vya kutosha kubishana nacho.

Sasa niseme kitabu chenyewe kilivyotoka, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini kinapendwa. Mwandishi wake, Irma Rombauer, alizaliwa St. Louis, jimbo hilohilo la Missouri, mwaka 1877 katika ukoo wenye asili ya Kijerumani. Mumewe, mwanasheria, alijiua mwezi wa pili mwaka 1930. Irma alikuwa na miaka 52. Uchumi wa nchi ulikuwa umeporomoka, na akiba aliyobaki nayo haikuwa ya kumtunza mpaka uzeeni. Wala hakuwa mpishi wa kutajwa. Marafiki zake walimjua kwa ukarimu na mazungumzo mazuri mezani. Akakusanya mapishi, yake na ya jamaa na ya marafiki, akatoa kiasi cha dola 3,000 katika akiba ileile, na mwaka 1931 akachapisha nakala 3,000 kwa gharama yake mwenyewe. Binti yake, Marion, alitengeneza jalada na picha. Mchapaji wa kibiashara alikuja baadaye, mwaka 1936. Tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 18.

Nimemfikiria sana mama huyu. Mjane, pesa zinaisha, anashika kazi ambayo kila anayemjua angemwambia si yake. Na naamini ndiyo sababu maandishi yake yalifika. Miaka ile familia nyingi za kipato cha kati Marekani zilishindwa kuendelea kuwalipa wapishi, na wanawake waliozoea kuagiza chakula wakajikuta wako peke yao mbele ya jiko. Irma alikuwa mmoja wao. Aliandika kama mtu aliyeungua jana na leo anakuonyesha mahali pa kushika sufuria.

Lakini nimekuja pia na malalamiko, na nitayasema yote, maana sifa peke yake haimsaidii mpishi.

La kwanza ni mpangilio. Vitabu vingi huanza na orodha ya vitu, halafu maelezo. Tangu chapa ya mwaka 1936 kitabu hiki kinavitaja vitu ndani ya maelezo, kila kimoja kinapohitajika: yeyusha siagi vijiko viwili, koroga unga vijiko viwili, mimina maziwa kikombe kimoja. Wifi yangu hakipendi kwa sababu hiyo hiyo. Anasema unafika katikati, mikono imejaa unga, unaambiwa tia siki, na siki nyumbani hakuna. Ana haki. Anayekwenda dukani anahitaji orodha, na kitabu hiki kinamlazimisha aisome resipi nzima na kujiandikia yake.

Hata hivyo mimi mpangilio ule nilipoukuta niliujua. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Hakuna mama yetu aliyeanza kwa kutusomea orodha. Alisema: chukua vitunguu viwili, katakata, kaanga mpaka viwe hudhurungi, hapo tia saumu iliyopondwa, sasa nyanya tatu, acha mpaka mafuta yaelee. Kitu na kitendo vinakwenda pamoja. Nilikuwa nasoma Kiingereza na masikioni nasikia sauti ya mama.

La pili, picha. Hakuna picha za rangi, kuna michoro tu. Vijana hili linawakera, na sikubaliani na wazee wenzangu wanaowajibu kwamba wao ni wavivu. Kama chakula hujawahi kukiona maishani mwako, utajuaje kimeiva? Mara ya kwanza nilipopika pai ya maboga sikujua kama inapaswa kutikisika katikati au kukauka kama kalmati, na hakuna sentensi iliyonitosheleza. Ila kwa kazi za mikono, kukunja unga, kuchana kuku viungoni, michoro yake inafundisha kuliko picha, kwa sababu mchoraji huacha kila kisichohitajika.

La tatu, kurushwa kurushwa. Unasoma mchuzi, unaambiwa nenda ukurasa fulani kwa supu ya mifupa. Huko unaambiwa nenda kwingine kwa namna ya kuchuja mafuta. Hili sina utetezi wake. Nimechafua kurasa nyingi kwa vidole vya unga kwa sababu hiyo.

La nne ni vipimo, na hili nawaambia hasa nyinyi mtakaokitumia hapa. Kikombe chao si kikombe chochote cha chai kilichoko kabatini; ni mililita 237. Siagi wanaipima kwa vijiti, na kijiti kimoja ni gramu 113. Oveni yao inasoma Fahrenheit, kwa hiyo 350 yao ni kama 177 yetu, na ukiiwasha ya kwetu kwenye 350 umechoma nyumba. Na unga: ukichota kikombe moja kwa moja kutoka kwenye pakiti utapata gramu 140 au hata 150, ukijaza kwa kijiko bila kushindilia utapata kama 120. Kwa keki ya vikombe vitatu tofauti hiyo ni keki nyingine kabisa. Nunueni mizani. Ya bei ndogo inatosha.

Nifike sasa kwenye ugomvi mkubwa, ambao ndio ulionifanya nione jinsi maoni ya wapishi wa nyumbani yanavyoweza kukigeuza kitabu.

Irma alifariki mwaka 1962. Marion, aliyekuwa mwandishi mwenza tangu chapa ya 1951, akakiendeleza mpaka chapa ya 1975, ndiyo hii, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Kisha kikakaa miaka zaidi ya ishirini bila kuguswa. Mwaka 1997 wachapishaji wakatoa chapa mpya kabisa. Waliwaita wapishi wa kitaalamu na waandishi wa chakula, kila mmoja akapewa eneo lake. Wengi wao walikuwa mafundi kweli. Chakula cha mataifa mengine kiliongezeka, na mapishi mengi yalisahihishwa. Nimepika humo, na nakiri ni chakula kizuri.

Lakini sauti ya yule mjane ilikuwa imefutwa. Na sura mbili ziliondolewa: ya aiskrimu, na ya jamu, achari na kuhifadhi matunda kwenye chupa. Fikirini kitabu cha mapishi ya pwani kinachotoka bila achari ya embe na bila achari ya ndimu, kwa hoja kwamba siku hizi zinauzwa dukani. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke wa kijijini kule, majira ya joto, ana ndoo tatu za matunda jikoni, mitungi imechemshwa, anafungua kitabu kipya alicholetewa na mwanawe kama zawadi, na sura haipo.

Kelele zilipigwa. Walionunua kipya walirudi kwenye cha zamani. Waliokuwa wametupa cha zamani wakaanza kukitafuta kwenye maduka ya mitumba. Jirani yangu alikuwa amenunua kipya. Alikitumia kuinulia mguu wa meza. Aliniambia jambo ambalo nimelitafakari miaka mingi: kwamba kile kipya kilikuwa sahihi, ila hakikujua kwamba yeye yupo.

Mwaka 2006, kitabu kilipotimiza miaka 75, sura zile zilirudishwa, na sauti ya zamani kwa kiasi kikubwa nayo ikarudi. Mwaka 2019 ikatoka chapa nyingine, iliyoandaliwa na kitukuu wa Irma, John Becker, pamoja na mkewe Megan Scott, wakiwa na mapishi mapya zaidi ya 600. Familia imerudi jikoni. Na waliolazimisha hayo hawakuwa wahakiki wa magazeti. Ni watu wanaopika kila siku saa kumi na mbili jioni watoto wakiwa na njaa.

Kuna mfano mwingine, nitaupitia haraka. Mwaka 2009 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell alitangaza kwamba chakula cha kitabu hiki kimekuwa kikiongezeka kalori toleo hadi toleo, na habari ikaenea kwamba Joy of Cooking inawanenepesha Wamarekani. Alikuwa amechagua mapishi 18 katika kitabu chenye maelfu. Familia ilikaa na chapa zao zote, wakahesabu wenyewe, na mwaka 2018 wakaeleza hadharani kwa nini hesabu ile haisimami. Mwaka huohuo chuo kilimkuta mtafiti huyo na makosa ya utafiti katika kazi zake, akajiuzulu. Nalitaja kwa sababu mpishi yeyote wa nyumbani angeuliza swali la kwanza kabisa: hiyo sahani moja ni ya watu wangapi? Baadhi ya mapishi yale hata hayasemi ni ya watu wangapi.

Sasa turudi nyumbani.

Nilipokuwa Denver nilimpigia mama simu, namwuliza mahamri. "Unga?" Kiasi. "Sukari?" Kiasi, isizidi. "Tui?" Tui zito, kiasi cha kutosha. "Mama, kiasi gani?" Kimya kidogo, kisha: "Mwanangu, utaona."

Kiasi. Neno hili kwa Kiswahili ni kipimo, na ndilo tunalolitumia tunapokataa kupima. Karibu kila resipi tunayorushiana kwenye simu imejaa nalo: chumvi kiasi, maji kiasi, mafuta kiasi. Na anayeshindwa tunamwambia hana mkono wa kupika.

Wapo wanaosema kupima ni jambo la Wazungu. Si kweli, na nalikataa kabisa. Bibi zetu walikuwa na kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na tazameni lugha yetu: pishi ni kipimo, na pishi ni namna ya kupika. Tena walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa kikawa sawa na ukingo. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa upishi wa Boston, Fannie Farmer, alitoa kitabu kilichompa sifa nchi nzima kwa kusisitiza vikombe na vijiko vilivyofutwa sawa. Ni mfuto ule ule. Sisi tulikuwa na neno lake sokoni, tukasahau kulileta jikoni.

Lakini mama yangu naye alikuwa na haki, na hili sikulijua mpaka nilipompima.

Nilirudi Mombasa likizo, nikanunua mizani, nikaiweka chini ya sinia lake. Kila alipotia mkono nikamwambia, "Subiri, mama." Alichukia. Aliniambia, "Sasa unaupima mkono wangu?" Nikamwomba radhi, nikaendelea. Unga gramu 500. Sukari gramu 100, na alirudia mara tatu siku tatu tofauti bila kupita hata gramu tano, kwa kiganja tu. Hamira kijiko kidogo kimoja na nusu. Iliki punje nane, zimetwangwa na maganda yake halafu kupepetwa. Kisha tui, alilokamua mwenyewe, la kwanza, kwa kifumbu. Siku ya kwanza, jua la kaskazi, alitia mililita 290. Siku ya pili 285. Siku ya tatu ikanyesha usiku kucha, na asubuhi alitia 260, akasimamisha mkono.

Nikamwambia, "Mama, jana ulitia zaidi."

Akauchukua unga kati ya vidole viwili, akausugua, akanipa nisugue na mimi. "Unga wa leo umeshakunywa," akasema.

Umeshakunywa maji ya hewa. Alikuwa anapima unyevu wa mji kwa ncha za vidole, na neno alilonipa simuni kwa kazi yote hiyo lilikuwa kiasi. Si kwamba alinificha. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini, kwa hiyo hakuwahi kuwa na haja ya kulisema. Denver hewa ni kavu, unga una kiu, na mimi nilikuwa namimina tui la Mombasa kwenye unga wa Colorado halafu nashangaa donge linapasuka.

Dada zangu, hiki ndicho ninachokiomba kwa waandishi wetu wa mapishi, na humu mpo mnaoandika. Tupeni gramu. Halafu tupeni lile la vidole viwili. Semeni donge likiwa tayari linahisije, likikataa ni kwa nini, na mpishi afanye nini saa ile wageni wako sebuleni. Mkisha kuandika msimpe mpishi wa hoteli akionje peke yake. Mpeni mama wa Kawangware mwenye jiko la mkaa na sufuria moja, mpeni kijana anayeishi peke yake Rongai, kisha mkae msikilize wakilalamika. Wakisema sura fulani hawaihitaji, wasikilizeni. Wakisema mmeondoa achari yao, wasikilizeni zaidi.

Na nyinyi mnaopika bila kuandika, mnadhani maoni yenu ni ya kunong'onezana tu kwamba kitabu fulani kinadanganya. Kiandikieni. Wekeni tarehe.

Mahamri ya mama nimeyaleta, yako mezani kwa chai, na mbaazi za nazi ziko kwenye sufuria kubwa. Nimeyapika leo alfajiri hapa hapa Nairobi. Hamira nimepunguza mpaka kijiko kidogo kimoja, kwa kuwa huku donge linaumuka upesi. Nililiacha dakika 50, pwani ningeliacha saa moja na nusu. Tui nimetia mililita 310. Moto wa mafuta nimeushusha kidogo, kwa sababu huku maji ya ndani ya donge yanatoka mapema na nje hukimbilia kuungua kabla ndani hakujaiva. Bado sijaridhika nayo. Naona yamekaza kidogo pembeni, na nashuku ni tui la kopo, lakini huenda ni mkono wangu.

Resipi nimeichapa kwenye karatasi, kila mmoja achukue. Nusu ya karatasi, upande wa kulia, nimeiacha tupu. Wa Limuru, wa Eldoret, wa Machakos, mkayapike kwenu mnirudishie karatasi zikiwa zimeandikwa. Kitabu nakipitisha kuanzia mstari wa mbele, mkishike taratibu mgongoni. Penseli imo ndani, kwenye ukurasa wa keki. Ni ya yule bibi.